Kibwagizo Kilichotushinda Kapiri Mposhi

Mbele yangu lipo daftari la shule, jalada lake la buluu limechanika pembeni, na ndani yake mna beti tisa za safari ya siku 13. Baada ya ubeti wa tisa zinafuata kurasa nne zilizoandikwa tarehe juu na hazina kitu kingine. Kila nilipoulizwa sababu nimejibu kwamba tulichoka, na waulizaji wameridhika, maana msafiri huchoka. Jibu hilo si la kweli. Leo nina hoja ya kutoa kuhusu namna sisi watunzi wa Kiswahili tunavyozimaliza safari zetu katika tungo, na sioni njia ya kuitoa hoja hiyo kwa uaminifu bila kueleza kwanza kwa nini kurasa hizi nne zi tupu.

Hoja yenyewe ni hii. Zisomeni tungo zetu za safari, za magazetini na za mitandaoni, mtaiona desturi yake. Kuaga kunapewa beti nne au tano: mama analia, marafiki wanapunga mikono, Mola anaombwa. Njia inapewa beti zake, na maajabu ya ugenini yanapewa nyingi zaidi. Kisha, ghafla, ubeti mmoja unafagia kila kilichobaki: siku zikaisha, tukarejea salama, wasalamu. Nimeutunga ubeti wa namna hiyo mimi mwenyewe, na nimepigiwa makofi kwa ajili yake. Naamini huo ndio ubeti wa uongo kuliko yote katika ushairi wetu. Naamini pia kwamba uongo wake hautokani na uvivu wa mtunzi peke yake; unatokana na umbo tunalolichagua kabla hatujaondoka nyumbani.

Tulikuwa walimu wanne wa Vwawa. Juni 2018 shule zilipofungwa, tuliamua kwenda Zambia, si kwa semina wala kwa msiba, bali kwenda tu, na mabegi ya mgongoni, yale ambayo wazee wetu waliyaita shanta. Majirani walitushangaa. Mmoja aliuliza kama tumeitwa jeshini. Mwingine, mama mtu mzima, alitaka kujua tunakwenda kumzika nani, na swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo: Vwawa na Tunduma hazina umbali, na ukivuka Tunduma umefika Nakonde, ambako Wanyamwanga wa upande huu wana shangazi, wajomba na makaburi. Watu wa kwetu huvuka mpaka kwa sababu. Kuvuka bila sababu ndiko kulikokuwa kugeni.

Hapo Tunduma, siku ya kwanza, tulikaa kwenye kibanda cha chai na kufanya mambo mawili. Kwanza, kila mmoja alitoa fedha yake yote, tukaitia katika kipochi kimoja cha zipu, akakabidhiwa mwenzetu wa Hisabati ambaye tangu siku hiyo tulimwita Mweka Hazina. Pili, tulikubaliana kutunga shairi moja la tarbia kwa zamu, ubeti mmoja kila siku. Zamu ya kwanza ilikwenda kwa aliyekuwa mtunzi bora kati yetu. Nitamwita Malenga, jina tulilompa kwa utani na ambalo alilistahili kwa kweli. Akafuata Mweka Hazina, kisha mwenzetu mwenye kamera tuliyemwita Mpiga Picha, kisha mimi. Malenga, akiwa bado na kikombe mkononi, alitupa kibwagizo:

Sote mfuko mmoja, twende turudi pamoja.

Mizani nane kwa nane, kina cha kati na cha mwisho vikiitikiana. Tulikipenda papo hapo. Mpiga Picha alikiimba mpaka Nakonde.

Siku tisa za kwanza zilikwenda kama tungo za safari zinavyotaka. Sitazieleza kwa urefu, maana beti zake zipo na si mbaya. Livingstone tulibishana nusu siku kuhusu Mosi-oa-Tunya, jina linalomaanisha moshi unaonguruma, kwa kuwa lina mizani sita na kila aliyelitia katika kipande cha mshororo alibakiwa na mizani mbili tu za kusemea jambo lolote. Mvuke wa maporomoko uliturowesha hadi mifupa, na Juni kule, kama kwetu Mbozi, ni mwezi wa baridi. Lusaka tulifurahi kugundua kwamba kwacha, jina la fedha yao tangu mwaka 1968, ni ndugu wa damu wa kumekucha kwetu: fedha iliyopewa jina la alfajiri. Tulikula vitumbuwa vya ngano, vya duara, tukawaeleza wauzaji kwamba kwetu kitumbua ni cha mchele, nao wakatutazama kama watu waliopotoshwa wakiwa wadogo.

Jambo moja la lugha lilinigusa zaidi ya hayo, nami naliweka hapa kwa sababu litanifaa baadaye. Katika Chinyanja, safari ni ulendo na mgeni ni mlendo. Shina ni moja. Anayesafiri na anayepokelewa mlangoni wanaitwa kwa neno lililotoka tumbo moja. Kwetu safari imetoka Uarabuni, na mgeni ni mtu wa shina lake la Kibantu, hatukuwahi kuwaoza. Yawezekana ndiyo sababu tunamwimba msafiri kama shujaa na kusahau kwamba kila siku ya safari yake yeye ni mgeni wa mtu, anakula chakula kwa hisani au kwa fedha, na fedha huisha.

Yetu iliisha siku ya 10, tuliporudi Lusaka. Mweka Hazina alikimimina kipochi juu ya kitanda cha nyumba ya wageni, akahesabu, akahesabu tena. Nauli ya treni kutoka Kapiri Mposhi ilikuwapo. Cha kula siku tatu hakikuwapo. Hakuna aliyekuwa ameiba. Tuliyafanya makisio vibaya tu, viingilio na vyumba vilituzidi. Lakini watu wanne wenye njaa hawakubali kirahisi kwamba kosa ni la hesabu. Mpiga Picha aliulizwa kuhusu vitenge viwili alivyomnunulia mama yake. Akajibu kwa ukali. Ndipo Mweka Hazina, kwa sauti ya mwalimu wa zamu, akasema tugeuze mifuko yetu nje, kila mtu, ili tuone kama kuna aliyesahau kitu.

Mpiga Picha aligeuza mifuko yake. Mimi niligeuza yangu. Malenga alikaa kimya kwa muda, kisha naye akaigeuza, suruali na koti, pole pole, akatoa mpaka leso yake na kuikunjua. Hakukuwa na kitu. Akasema maneno machache: "Ndugu zanguni, mmenipekua." Tukamwambia hatukumpekua, sote tumefanya vilevile. Akasema, "Ndiyo. Mmenipekua."

Ubeti wa siku ile ulikuwa zamu ya Mweka Hazina. Alilifungua daftari, akaandika tarehe, akaketi nalo. Mishororo mitatu angeweza kuipata. Ni mwalimu wa Hisabati lakini ana sikio. Wa nne ulikuwa umekwisha kuandikwa tangu Tunduma, nao ulisema sote mfuko mmoja. Alilifunga daftari.

Kapiri Mposhi ni mji wa njia panda. Hapo ndipo inapoishia reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na hapo ndipo yanapopita malori ya shaba yanayoelekea Nakonde na Tunduma hadi Dar es Salaam. Ukikaa kando ya barabara utasikia Kiswahili cha madereva wetu kabla hujakiona kituo cha treni. Malenga alikisikia. Alituaga kwa adabu zote, akatushika mikono mmoja mmoja, akatuachia tiketi yake tukairudishe ili tupate fedha ya kula, akapanda lori la dereva wa Kitanzania aliyekuwa amezungumza naye kwa robo saa. Hakugombana. Laiti angegombana. Ubeti wa siku ya 11 ulikuwa wa Mpiga Picha, naye alikuwa na nusu ya pili ya kibwagizo ya kumaliza nayo: twende turudi pamoja. Aliandika tarehe.

Tiketi ilirudishwa, fedha ikapatikana, si nyingi. Usiku wa siku ya 12, ambao ubeti wake ulikuwa wangu, tulikuwa ndani ya treni tukielekea kaskazini. Wenzangu wawili walikuwa wamelala. Treni iliposimama katika kituo kimoja, wauzaji walikuja chini ya madirisha na mabeseni vichwani. Nilikifungua kitabu nilichokuwa nimekibeba tangu Vwawa, nikatoa moja ya noti mbili nilizozificha humo siku ya kwanza, kabla ya kutoa fedha yangu yote mezani Tunduma. Naam. Zilikuwa humo muda wote. Tulipogeuza mifuko Lusaka, kitabu kilikuwa juu ya mto wa kitanda, na hakuna aliyesema tugeuze vitabu.

Wahenga walisema msafiri maskini ajapokuwa sultani. Nilikuwa nimeisoma methali hiyo darasani mara nyingi na kuieleza kuwa ni juu ya upungufu wa starehe njiani. Sasa naisoma tofauti.

Mwezi mmoja baadaye palikuwa na hafla hapa Vwawa, tukaombwa kulighani shairi la safari. Beti tisa haziwezi kusimama bila mwisho. Nilitunga wa kumi usiku mmoja, mimi, mwenye deni kuliko wote. Uliruka kutoka Lusaka hadi nyumbani, ukaikuta milima ya Mbozi na kahawa ikivunwa, ukamshukuru Mungu, ukamalizia kwa kibwagizo kile kile. Ukumbi mzima uliitikia. Malenga alikuwa ameketi safu ya nyuma. Hakuitikia, wala hakutoka. Mwaka uliofuata alipata uhamisho, akaenda mkoa mwingine, na tangu hapo tunasalimiana kwa simu nyakati za sikukuu kama watu wanaofahamiana.

Sasa niirudie hoja yangu, maana sikuyaleta haya ili nihurumiwe.

Kibwagizo ni kiapo. Katika shairi la mawaidha au la mapenzi kiapo hicho kina nguvu kubwa: mtunzi anasimama mahali pamoja, anasema jambo moja, na kila ubeti unalileta kutoka upande mwingine. Hadhira inajua litakalokuja, inalingojea, inaliitikia. Lakini safari haisimami mahali pamoja. Anayechagua kibwagizo cha safari asubuhi ya kuondoka anaapa juu ya njia ambayo hajaiona, kwa niaba ya watu ambao hajawaona wakiwa na njaa. Ikiwa njia itamgeuka, ana mambo mawili tu ya kufanya: aseme uongo kwa mizani iliyotimia, au anyamaze. Wenzangu walinyamaza siku mbili na mimi nikanyamaza ya tatu, na hadi leo naona kunyamaza kule kulikuwa kweli kuliko ubeti nilioutunga baadaye.

Najua jibu la mabingwa. Watasema kibwagizo kizuri hugeuka maana kadiri beti zinavyosonga, na kwamba mtunzi hodari angeyaacha maneno yale yale yawe matamu Tunduma na machungu Kapiri Mposhi. Nakubali kabisa. Sote mfuko mmoja, ikiwekwa chini ya ubeti wa mifuko iliyogeuzwa, ingekuwa kali kama wembe. Hatukushindwa kwa kukosa ustadi huo. Tulishindwa kwa kuwa tulikuwa tumeuzoea ushairi wa safari kama ushairi wa shukrani, na hatukuwahi kuona mtu akiutumia kwa jambo jingine.

Mzee mmoja wa hapa Mbozi, mtunzi ninayemheshimu, aliniambia nilipomdokeza haya kwamba shairi ni sebule, na mgeni hapelekwi jikoni. Sikumjibu siku ile. Umri wake haukuniruhusu. Ningemjibu kwamba tenzi zetu kongwe zimejaa vita, usaliti, mauti na majuto, na hakuna aliyeona kuwa adabu imevunjwa. Utenzi unaweza kuyabeba hayo kwa sababu kinachorudi ndani yake ni kina cha mwisho tu, sauti, si maneno. Kwa hiyo watu ndani yake wanaweza kubadilika. Ningemkumbusha pia kwamba nathari yetu ya safari ina zaidi ya miaka 100. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Carl Velten mwaka 1901, yumo Selim bin Abakari anayesimulia safari yake ya Urusi na Siberia, kazini, akiwa na mwajiri wake Mjerumani. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuifikia theluji ya Siberia kabla babu zetu hawajazaliwa. Kitashindwa vipi na kitanda cha nyumba ya wageni Lusaka?

Msamiati nao unatusaidia kukimbia. Kwa kuondoka tuna kufunga safari, kung'oa nanga, kuaga, kushika njia. Kwa kuwa mbali tuna ng'ambo, ugenini, na ughaibuni, neno zito lililotoka katika ghaibu, kutokuwapo. Lakini zile siku mbili tatu za kurudi, mtu anapokuwa amekwisha kuacha kuwa mgeni kule na bado hajawa mwenyeji huku, hatujazipa jina. Sisemi tukae mezani tuliunde. Nasema tukiziandika vya kutosha, jina litakuja lenyewe, kama majina yote mazuri yalivyokuja.

Pendekezo langu kwa watunzi wenzangu ni dogo. Mkisafiri pamoja na mkataka kutunga kwa zamu, tungeni sabilia. Acheni mshororo wa nne uwe kiishio cha ubeti wake peke yake. Ikiwa lazima kiwepo kibwagizo, basi kichagueni mwisho, mkiwa mmekwisha kufika, na kiwekeni chini ya beti zote kwa kurudi nyuma, muone ni zipi zinazokikubali.

Nami nimeianza kazi hiyo kwa kuchelewa. Huu ndio ubeti wa siku ya 12, ambao nilipaswa kuuandika ndani ya treni:

Nilificha noti mbili, kitabuni zikalala,
Wenzangu hawana hili, wala lile, wamelala,
Mayai yangu mawili, dirishani nikayala,
Nakonde tukawasili, nikaapa sijakula.

Mshororo wa nne ni kweli kama ulivyo. Asubuhi, Mweka Hazina aligawa mkate uliobaki kwa tatu, akaniuliza kama niliweza kulala na njaa, nikamwambia Wallahi sikuonja kitu tangu Mpika. Akanikatia kipande kikubwa kuliko chake. Wasomaji watakaosema vina vya -la vimerudiwa kwa ufukara, kula na kulala vikikaribiana mno, wana haki. Nimejaribu kuvibadilisha na kila mara jambo lililotendeka limepungua.

Nimewaandikia wenzangu. Mweka Hazina ameujaza ukurasa wake wa siku ya 10, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, na sitaunukuu hapa kwa kuwa ni wake. Ana jambo la kusema juu ya leso iliyokunjuliwa ambalo mimi nisingelithubutu. Mpiga Picha hajajibu. Alisoma ujumbe, hilo naliona, na amenitumia picha moja tu: barabara ya Kapiri Mposhi, mgongo wa lori, turubai ya kijani.

Inabaki siku ya 13. Ilikuwa siku fupi kuliko zote, maana ukitoka Nakonde kuingia Tunduma saa inaruka mbele. Ikiwa kule ni saa nne, huku ni saa tano. Siku ile ilikuwa na saa 23. Tulishuka Vwawa watatu, baridi ikitukata masikio, na mama yule aliyetuuliza tunakwenda kumzika nani alikuwa sokoni. Alituhesabu kwa macho. Akasema, "Na mwenzenu?" Nikamwambia amepita njia nyingine.

Kesho asubuhi nitalifunga daftari hili kwa gazeti na kamba, nilipeleke stendi, nimkabidhi kondakta wa basi liendalo mkoa anakofundisha Malenga sasa. Ukurasa wa mwisho nimeuacha ulivyokuwa, tarehe juu. Tulipanga zamu kwa kuanzia naye, na kwa hesabu ya Mweka Hazina siku ya 13 ni yake.